Barua ya wazi: Mtoto aliyeanguka Uluguru asishushwe kwa bodaboda

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, Wakurugenzi Watendaji na Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri za Wilaya za Morogoro na Mvomero.



Nawaandikia kuhusu watoto wanaovunjika shingo au mgongo katika vijiji vya Uluguru, na zaidi kuhusu saa chache zinazofuata baada ya kuanguka kwao. Hoja yangu ni moja. Mti, jabali au pikipiki huvunja pingili za uti wa mgongo, na hilo likishatokea hatuna la kurudisha. Lakini pingili iliyovunjika si lazima iwe ulemavu. Watoto wengi waliovunjika mgongo, wakati wamelala pale chini ya mti, mshipa wao mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili bado ni mzima, au umeumia kwa sehemu tu. Hali yao ya baadaye inategemea sana jinsi walivyoinuliwa, walivyoteremshwa mlimani na walivyolazwa usiku wa kwanza. Mambo hayo matatu tumewaachia majirani, na majirani hao hawajafundishwa. Naamini hapo ndipo mahali ambapo mkoa wetu unaweza kuokoa miguu ya watoto kwa gharama ndogo kuliko mahali pengine popote katika safari yote ya matibabu, na kwamba utaratibu wa kufanya hivyo unaweza kuanza bila kusubiri daktari bingwa hata mmoja zaidi.

Anayeijua milima yetu anajua kwa nini watoto wake huanguka. Upande wa mashariki, kuanzia Mkuyuni na Kinole hadi Tegetero na Matombo, mvua ni nyingi na uchumi wa kaya uko juu ya miti: machungwa, maembe, mafenesi, duriani, nazi, karafuu, na pilipili manga inayotambaa juu ya miti mingine. Upande wa Mgeta, kule Langali, Nyandira na Tchenzema, uchumi uko kwenye miteremko mikali inayolimwa kabichi, njegere na viazi, na sehemu kubwa ya mavuno hayo huanza safari ya sokoni yakiwa kichwani mwa mtu. Mtoto wa miaka 10 hupewa kazi ya kupanda kwa sababu ni mwepesi. Tawi ambalo haliwezi kumbeba baba yake humbeba yeye. Msimu wa maembe nao hukutana na mvua za vuli na likizo ya Desemba, magome yakiwa yameloa na shule zimefungwa. Nawakumbusha pia waheshimiwa madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro kwamba halmashauri yenu imekuwa ikigawa miche ya karafuu kwa wakulima. Kiuchumi ni uamuzi mzuri, na siupingi. Ila mkarafuu uliokomaa unaweza kupita mita 10, vikonyo vyake viko kwenye ncha za matawi, na huchumwa kwa mkono. Anayegawa miche leo anaamua pia, apende asipende, ni watu wangapi watakuwa juu ya matawi hayo miaka 10 ijayo.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka kwenye mlima mwingine wa Tanzania. Watafiti waliopitia majalada ya wagonjwa waliolazwa hospitali ya KCMC, Moshi, kati ya 2010 na 2014 wakiwa wameumia mshipa wa fahamu wa mgongo, walikuta kwamba karibu nusu yao waliumia kwa kuanguka, na ajali za barabarani zikafuata nyuma. Sisi tumezoea kuhusisha ulemavu wa namna hii na barabara kuu, na Morogoro, iliyo kwenye njia panda ya Dodoma na Iringa, ina sababu ya kufikiri hivyo. Lakini Kilimanjaro ya migomba, miparachichi na miembe inafanana na Kinole kuliko inavyofanana na Msamvu, kwenye njia panda hiyo. Pemba wameshaikubali hatari ya kuanguka kutoka mitini kiasi cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, kulipa fidia kwa wachumaji wa karafuu wanaoanguka. Kuhusu mizigo, fundisho kubwa linatoka mbali kidogo. Huko Bangladesh, uchunguzi wa wagonjwa wa mwaka 1994 na 1995 ulionyesha kwamba takriban mmoja kati ya kila watano aliumia kwa kuanguka akiwa na mzigo mzito kichwani. Mguu unateleza, mwili unakwenda chini, mzigo unaufuata, na shingo iliyo katikati inakunjwa. Kila mtoto anayeteremka na tenga la mboga kwenye kijia cha udongo mwekundu baada ya mvua yuko katika hatari hiyo hiyo.

Mwili wa mtoto una mambo yake, na hapa naomba subira yenu kwa sababu utaratibu wote ninaoupendekeza unasimama juu yake. Kwa mtoto wa chini ya miaka 8 hivi, kichwa ni kikubwa na kizito ukilinganisha na kiwiliwili, misuli ya shingo ni dhaifu, na kano zinazoshikilia pingili bado ni laini na zinavutika. Kwa hiyo yeye huumia zaidi juu kabisa ya shingo, karibu na fuvu, mahali ambapo mishipa ya kupumulia inaanzia. Akifikia umri wa kubalehe majeraha yake huanza kufanana na ya mtu mzima: anayedondoka kwa miguu au kwa makalio kutoka juu ya mti hupondeka pingili za pale kifua kinapokutana na kiuno. Nguvu ya kuanguka kwa mtoto husambaa, hivyo ukikuta pingili moja imevunjika, itafute ya pili, ambayo huenda iko mbali na ile ya kwanza. Jambo la hatari kuliko yote ni kwamba ulaini ule ule unaookoa mifupa ya mtoto huuacha mshipa wa fahamu uvutike hadi kuumia wakati mifupa imerudi mahali pake. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Marekani, Dachling Pang na James Wilberger, walieleza watoto waliopooza ilhali picha zao za eksirei zilikuwa safi. Baadhi ya watoto wa aina hiyo husimama na kutembea kwanza, wakisema tu kwamba mikono imekufa ganzi au miguu imepatwa na umeme kwa muda mfupi, kisha udhaifu hujitokeza baada ya saa kadhaa au hata siku kadhaa. Mtoto kuinuka na kujikung'uta vumbi hakutoshi kumtuliza mzazi, na karatasi ya eksirei isiyo na mvunjiko haitoshi kumruhusu arudi nyumbani.

Sasa tuitazame safari yenyewe. Zahanati iko mbali, gari haliwezi kupanda hadi kitongojini, na chombo kinachopatikana ni bodaboda. Dereva anakaa mbele, mtoto anawekwa katikati, mjomba anakaa nyuma na kumkumbatia kifuani asidondoke. Miguu ya mtoto inaning'inia. Mgongo umepinda kwa mbele, kidevu kinagusa kifua, na kila tairi linapoingia kwenye korongo lililochimbwa na maji ya mvua, kichwa kinakwenda mbele na kurudi nyuma, na uzito wote wa kiwiliwili unaikalia ile pingili iliyopondeka. Mkao huo wa kukaa na kuinama ndio unaosukuma vipande vya mfupa kuelekea kwenye mshipa wa fahamu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Dereva ameacha kazi yake, mjomba ameuza kuku ili apate fedha za mafuta. Wanafanya wanachokijua, na wanakifanya kwa upendo. Kosa ni letu sisi tuliokuwa na nafasi ya kuwafundisha lakini hatukufanya hivyo.

Linaloniuma ni kwamba chombo kinachofaa kilikuwepo milimani kabla ya pikipiki. Wazee waliteremsha wagonjwa kwa machela: miti miwili, blanketi au mikeka iliyofungwa kwa kamba, wanaume wanne, na wengine wanne wa kupokezana. Mgonjwa hulala, hakunjwi. Kwa mgongo uliovunjika, machela ni salama kuliko bodaboda, na marekebisho inayohitaji ni madogo sana. Mtoto asivutwe kwa mikono wala kubebwa mgongoni. Mtu mmoja apige magoti kichwani pake, ashike kichwa kwa mikono miwili kikiwa sawa na mwili, na huyo ndiye atoe amri. Wengine watatu wamshike bega, nyonga na miguu, na kwa hesabu yake wamgeuze wote kwa pamoja kama gogo, machela iingizwe chini, kisha wamrudishe. Kwa mtoto mdogo, khanga iliyokunjwa iwekwe chini ya mabega na mgongo, kwa sababu kichwa chake kikubwa kikilala kwenye kitu bapa hukiinamisha kidevu kifuani. Matambara yaliyoviringishwa yakae pande mbili za kichwa. Chini ya mwili wake yawepo matandiko laini. Kisha watu watembee, na kule barabara ya gari inapoanza, gari liwe linasubiri.

Najua mtaalamu mmoja wa idara ya dharura atasoma hapa na kuniuliza kama nimesoma utafiti wa mwaka 1998 uliolinganisha wagonjwa wa New Mexico, waliofungwa kwenye mbao ngumu na kola za shingo, na wagonjwa wa Malaysia waliofikishwa hospitali bila vitu hivyo. Wale wa Malaysia hawakuwa na hali mbaya zaidi, bali hali yao ilikuwa afadhali. Ni swali la haki, na limebadili mwenendo wa huduma za dharura duniani. Mbao ngumu zimepunguzwa kwa sababu huumiza, hubana kifua, na kwa mtu asiye na hisia zinaanzisha vidonda vya mgandamizo ndani ya saa chache. Ndiyo maana siombi mbao, wala siombi kola za shingo kwa kila zahanati. Kola ya mtu mzima ikivalishwa mtoto inaweza kuvuta shingo badala ya kuituliza. Lakini utafiti ule ulihoji faida ya kumfunga mgonjwa aliyekwisha kulala chini. Haukumlinganisha aliyelala na mtoto aliyekunjwa kati ya watu wawili kwa kilomita kadhaa za makorongo. Hakuna tabibu anayetetea mkao huo. Ushahidi kuhusu vifaa una utata. Kuhusu kumlaza mtoto, kumgeuza kwa pamoja na kutomkalisha, sijaona anayebisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa mpangaji wa bajeti: jambo hili ni adimu. Ni kweli. Mvunjiko wa uti wa mgongo ni sehemu ndogo sana ya mivunjiko yote ya watoto, asilimia chache tu, na mkoa wenye malaria na vifo vya watoto wachanga una haki ya kuuliza kwa nini uangalie huku. Hata hivyo tupige hesabu. Ule uchunguzi wa Kilimanjaro ulikadiria wagonjwa wapya zaidi ya 26 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, wa rika zote. Morogoro ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 3 katika sensa ya 2022. Tukitumia kipimo hicho hicho, mkoa wetu ungekuwa na wagonjwa 80 hivi kila mwaka, na watoto wakiwa sehemu yao ndogo. Uchache huo ndio unaofanya jambo liwezekane, maana hatuzungumzii maelfu ya safari. Tena thamani ya tatizo haipimwi kwa idadi ya wanaoanguka peke yake. Mtu wa miaka 60 aliyepooza na mtoto wa miaka 9 aliyepooza ni mistari miwili inayolingana katika rejista ya hospitali, lakini wa pili ana miaka 40 au 50 mbele yake ya kugeuzwa, kutolewa mkojo, kubebwa kwenda shule iliyo juu ya kilima, na karibu kila mtoto anayepooza kabla ya kubalehe huja kupinda mgongo baadaye kadiri anavyokua. Mama yake huacha shamba. Dada yake mara nyingi huacha shule. Na pia utaratibu huo wa machela na gari hautamfaa huyo peke yake: mtoto aliyevunjika paja, aliyeumia kichwa, na mchumaji mtu mzima aliyedondoka mnazini wote watapita katika njia hiyo hiyo.

Gari litatoka wapi? Hapa nchi yetu imeshatoa jibu, na ni jibu ninalolionea fahari. Kupitia mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, mama mjamzito mwenye dharura au mtoto mchanga huombewa msaada kwa simu ya bure namba 115. Mratibu huulizia hali yake, hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo. Utaratibu huo ulianzia kama jaribio Kanda ya Ziwa na sasa umeenea nchi nzima. Maana yake ni kwamba vituo vya kupokea simu vipo, orodha za madereva zipo, na njia ya kuwalipa ipo. Ninachoomba ni mlango wa tatu, baada ya ule wa mama na ule wa mtoto mchanga, kufunguliwa kwa majaribio katika kata za milimani pekee: mtoto wa chini ya miaka 18 aliyeanguka kutoka juu au kugongwa, ambaye ana maumivu ya shingo au mgongo, ganzi, au miguu isiyo na nguvu. Najua mtasema fedha za m-mama zimepangiwa kazi yake na hazipaswi kuguswa. Nakubali, zisiguswe. Halmashauri zitenge fungu lake dogo ndani ya mpango kabambe wa afya, na kwa idadi tuliyoiona hapo juu, nauli za mwaka mzima haziwezi kuwa mzigo wa kuangusha bajeti ya wilaya.

Kuhusu mafunzo, Afrika Mashariki ina mifano ya kutosha. Kampala mwaka 2008 walifundishwa raia wa kawaida zaidi ya 300, wakiwemo polisi na madereva wa teksi, kutoa huduma ya kwanza kwa majeruhi. Mwaka 2016 huko Iganga, mashariki mwa Uganda, walifundishwa waendesha bodaboda zaidi ya 150. Dereva wa bodaboda si adui katika barua hii. Ndiye anayejua kila kijia, ana simu yenye chaji, na huwa wa kwanza kuitwa. Afundishwe jambo moja kubwa: mtoto asiyeweza kusimamisha miguu au anayelia mgongo hapandishwi pikipiki; pikipiki iende kuleta machela, mhudumu na taarifa. Halmashauri zinazo hata kishawishi mkononi. Vikundi vya vijana wa bodaboda hukopa kutoka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani; mafunzo ya siku moja yangeweza kuwa sharti la mkopo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali ilizindua mpango wao mpya Januari 2024, wawe ndio watunza machela wa kitongoji, pamoja na mwalimu wa zamu shuleni na mwenyekiti wa kijiji. Na tusiwasahau wajomba. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mara nyingi neno la mjomba ndilo linaloamua kama mtoto atapelekwa hospitali au kwa fundi wa kuunga mifupa. Mafunzo yatakayowaruka wazee wa ukoo yatakuwa yamemruka mwenye uamuzi.

Hao mafundi wa kuunga mifupa nao nisiwapite. Wapo wanaoheshimika, na kwa mkono au mguu familia nyingi zitaendelea kuwaendea, tukitaka tusitake. Kuwatisha kwa polisi kutawafanya wafiche wagonjwa. Makubaliano yenye maana ni haya: shingo na mgongo havikandwi wala havivutwi, anayeletwa akiwa ameumia sehemu hizo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, na fundi aliyempeleka atambuliwe kwa heshima. Vivyo hivyo mzazi ambaye mtoto wake ana maumivu ya mgongo yasiyoisha, ana homa za jioni au kibiongo kinachojitokeza bila kuanguka popote, aambiwe kwamba hicho huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaotibika kwa dawa zinazotolewa bure, ambao ukichelewa huziangusha pingili zenyewe.

Mtoto akishafika kwenye kituo, vita haijaisha, na hapa namgeukia Mganga Mkuu wa Mkoa moja kwa moja. Upimaji wa nguvu za mikono na miguu na wa hisia hauhitaji mashine. Uandikwe alipofika, urudiwe asubuhi, urudiwe tena jioni, ili mabadiliko yaonekane. Mtoto mwenye dalili yoyote ya fahamu, hata iliyopita, alazwe. Asiye na hisia ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku pia, tena kwa ule mtindo wa watu wanne. Mkojo wake utolewe kwa mpira kabla kibofu hakijajaa na kurudisha mkojo kwenye figo, na mama afundishwe kuutoa kwa usafi kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo ndivyo vinavyowaua watoto hawa miezi au miaka baada ya ajali, na vyote viwili huzuiwa na muuguzi mwenye muda na maelekezo. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 na 2022 zilijenga idara za dharura na kununua mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Nayo kozi ya msingi ya huduma za dharura ya Shirika la Afya Duniani, ambayo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoijaribu kwanza, huchukua siku 5. Kila kituo cha afya kinachopokea wagonjwa wa Uluguru kinaweza kuwa na angalau watumishi wawili walioipitia.

Anayehitaji upasuaji ataendelea hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, kilomita zipatazo 190 kutoka Morogoro mjini. Tafiti zilizochapishwa kutoka MOI kuhusu majeruhi wa mgongo zinaonyesha wazi kwamba muda kati ya kuumia na kupasuliwa umekuwa ukihesabiwa kwa siku na wiki, wakati ambapo kwa wengi saa 24 za kwanza ndizo zenye faida kubwa, na kwamba kukosa fedha ni miongoni mwa sababu kubwa za wagonjwa kutopasuliwa kabisa. Sera yetu husamehe gharama kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Mtoto wa miaka 5 hapandi mkarafuu. Anayepanda ana miaka 8, 12 au 15, na yeye yuko nje ya msamaha, labda ofisi ya ustawi wa jamii imwonee huruma baada ya ndugu kuzunguka na karatasi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nayo ikifika kila kaya itapunguza tatizo hili. Wakati tunaisubiri ifike hadi Bunduki na Kolero, mkoa utoe waraka kwamba barua ya msamaha kwa mtoto aliyeumia mgongo itolewe na ustawi wa jamii siku ya kupokelewa, na isafiri pamoja na barua ya rufaa.

Wapo watakaosema njia fupi ni kuwazuia watoto kupanda miti na kubeba mizigo, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kazi za hatari kwa watoto. Nawaunga mkono kwa moyo wote katika lengo. Mzigo wa mtoto upunguzwe, na kuangua kwa upembo mrefu kuhimizwe badala ya kupanda. Bwana shamba anayegawa miche ya karafuu aifundishe kaya kuzuia mti usirefuke kupita kiasi, agawe na elimu ya ngazi. Ila tukisema sheria imekataza na kuishia hapo, tutakuwa tumejivua jukumu. Mtoto wa Uluguru atapanda mwembe hata bila kutumwa, kama watoto wote wa dunia walio karibu na mwembe wenye maembe mabivu. Mzazi anayeogopa kushtakiwa ataficha kilichotokea, atasema mtoto alijikwaa, na mganga atakosa taarifa ya urefu wa mti, ambayo ndiyo ingemfanya ashuku mgongo. Kwa hiyo elimu ya kuzuia iendelee, lakini mlango wa zahanati usigeuzwe kuwa mlango wa mahakama.

Ombi langu la mwisho ni rejista. Katika kila kituo kinachohudumia milima, kila mtoto aliyeanguka na kuumia aandikwe kijiji chake, kitu alichoanguka kutoka juu yake, aliletwa amekaa au amelala, saa ngapi zilipita, na alikuwa akisogeza miguu alipofika au la. Ni safu tano za kalamu kwenye daftari ambalo tayari lipo. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na takwimu za Uluguru zenyewe, na kama zitaonyesha kwamba nimekosea, fungu la fedha lirudishwe kwenye malaria na sitalalamika. Mipango ya afya ya halmashauri huandaliwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Nawaomba jambo hili liingie katika mpango ujao, lianze na kata tatu, Kinole, Tegetero na Nyandira, na kila kitongoji cha kata hizo kiwe na machela moja na watu wanane wanaojua kuitumia kabla ya maembe ya Desemba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa Morogoro.